Hajaoa, Hana Mtoto

Watu wananiita Balozi. Sijawahi kuvuka lile dirisha la viza ambapo mlinzi anakuambia urudi nyuma ya mstari, lakini jina nimelipata kwa jasho. Miaka kumi na minne nimekaa kwenye chumba cha futi nane kwa kumi, ng'ambo ya barabara kutoka kituo cha kupokea maombi ya viza, nikiwajazia watu fomu. Nina kompyuta mbili, moja nzima na moja ya kutishia. Nina printa, mashine ya fotokopi, shuka jeupe la kupigia picha za pasipoti, na kioo kidogo cha kumwonyesha mteja kwamba kola yake imekaa upande. Na nina mdomo, ambao wateja wanaulipia zaidi kuliko hizo mashine.

Mtu akiingia namwuliza, "Unakwenda kufanya nini?" Wengi wananijibu, "Kutafuta maisha." Nami nawaambia hakuna fomu ya kutafuta maisha. Kuna viza ya masomo, na hapo lazima uwe na barua ya chuo, na uweze kueleza kwa nini mtu wa miaka arobaini na mbili ameamka asubuhi akataka kusomea upambaji wa keki. Kuna ya kutembelea, nayo inakutaka umshawishi ofisa kwamba utarudi, kazi ngumu kwa mtu ambaye ameshauza hadi kitanda. Kuna ya kazi, kama mwajiri wa kule amekuandika. Kuna ya bahati nasibu, ambayo watu wanaiombea dua. Kuna ya ujuzi, ambapo unapewa alama kwa umri, elimu na lugha, kama ng'ombe wa maonyesho. Na kuna ya familia. Hiyo nilikuwa nawaambia kila siku kwamba ni rahisi kuliko zote, kwa sababu kule tayari yuko mtu wa kukuvuta. "Ingia kwanza wewe, mke na watoto watafuata." Niliwaambia watu maneno hayo mwaka baada ya mwaka, kwa sauti ya mtu aliyeitunga sheria mwenyewe.

Mdogo wangu ni fundi wa mafriji. Wazazi wetu walifariki yeye akiwa na miaka kumi na mmoja na mimi ishirini na nne, kwa hiyo nimemlea, na labda ndiyo sababu hajawahi kunibishia. Hata siku aliyoniletea mchumba nimwone, alisimama mlangoni kichwa chini utadhani amevunja sahani.

Basi nchi moja ikatangaza kwamba inahitaji mafundi wa vyumba vya baridi. Dirisha la maombi likafunguliwa wiki sita. Mdogo wangu akaniletea bahasha: vyeti vya ufundi, barua za waajiri, cheti cha ndoa, na cheti cha kuzaliwa cha binti yake aliyekuwa na miezi minane.

"Kaka, mke na mtoto wasiachwe," akasema.

"Wewe unanifundisha kazi?"

Akacheka, akaomba radhi. Nikampa karatasi ya mwisho, ile ya kiapo, aweke sahihi. Kurasa zilizoitangulia zilikuwa bado tupu. Ndivyo ninavyofanya kazi: mteja anasaini kwanza, mimi najaza baadaye, maana watu wanaishi mbali na sahihi ndiyo inayochelewesha mambo. Mteja mwingine angesema ngoja kwanza nisome kitakachoandikwa. Mdogo wangu hakusema hivyo. Kwetu kumkagua kaka yako mkubwa ni sawa na kumtukana, akasaini akaenda zake kazini.

Bahasha ikakaa kwenye droo. Ndugu unamhudumia mwisho kwa sababu unajua hataondoka kwenda kwa mwingine. Wateja wakaja, wakaondoka, wiki zikapita. Dirisha lilikuwa linafungwa Ijumaa saa sita mchana, na mimi niliikumbuka ile bahasha Ijumaa hiyo hiyo saa nne na nusu.

Nilipobonyeza "ameoa", fomu ilifungua kurasa kumi na moja mpya. Ilitaka kila mwanafamilia, hata asiyesafiri, awe amepimwa na daktari waliyemteua wao, na namba ya kipimo iandikwe. Kipimo kilikuwa kinachukua siku tano. Habari hiyo niliijua vizuri, nilikuwa nimewatuma wateja wengine kwa daktari huyo huyo. Wa kwangu ndio sikuwatuma.

Nikarudi nyuma, nikabonyeza "hajaoa". Palipoulizwa idadi ya watoto nikaandika sifuri. Zile kurasa kumi na moja zikafutika zote. Nikaambatanisha ile karatasi yenye sahihi, na saa sita kasoro dakika kumi ombi likapokelewa, nikajipongeza kwa soda baridi. Nilijiambia nitawaongeza baadaye, kwani nani hajui kwamba watu huongezwa baadaye? Sikuwaongeza, na mdogo wangu sikumwambia. Miezi mitano ikapita, viza ikatoka, watu wakaja nyumbani kushangilia, na katika shangwe hizo mimi ndiye niliyebebwa juu juu.

Kwetu sisi mtoto wa mdogo wangu ni mwanangu. Anayeniita Baba Mkubwa haniiti hivyo kwa adabu tu, ndivyo nilivyo kwake. Kwa hiyo ile sifuri nilimwandikia mwanangu mwenyewe, nikiwa na soda mkononi. Naona haya hata kulieleza jambo hili.

Mdogo wangu akaondoka peke yake, kwani sheria ya kule ilisema mfanyakazi anaingia kwanza, na akitimiza miaka minne ndipo anaweza kuwadhamini mke na watoto. Mdogo wangu alipotimiza, shemeji alikuja ofisini asubuhi ya Jumatatu na mtoto mkononi. Shemeji anapiga pasi kwenye duka la dobi, mashati ya watu wa maofisini, na usafi wa kazi hiyo umemwingia hadi kwenye karatasi. Bahasha yake haikuwa na kona hata moja iliyokunjika.

"Shemeji, zamu yetu imefika," akasema, akaketi.

Mtoto akaniuliza kama kwenye ndege watu wanaruhusiwa kulala. Nikamwambia wanaruhusiwa, ila wakikoroma wanashushwa. Akacheka sana, na mimi nikacheka, nikafungua ukurasa wa maombi ya familia.

Swali la kwanza lilikuwa hili: je, mdhamini aliwataja waombaji hawa katika ombi lake mwenyewe la mwanzo? Chini yake, kwa herufi ndogo, palikuwa na maelezo kwamba mwanafamilia ambaye hakutajwa mwanzo hawezi kudhaminiwa baadaye. Miaka yote ile ya kuwaambia watu kwamba familia itafuata, sijawahi kuusoma ukurasa huo hadi chini. Jasho likanitoka na feni inazunguka.

"Vipi, shemeji?" akaniuliza.

"Hizi picha," nikasema. "Zina kivuli."

Hapo ndipo nilipoanza kumpiga danadana. Picha zikarudiwa mara tatu. Cheti cha kuzaliwa nikasema ni cha zamani, atafute kipya, na foleni ya vyeti ilimla siku mbili. Nikamtuma polisi kwa hati ya tabia njema, akarudi nayo, nikamwambia inataka muhuri mwingine. Kila safari alikuwa anabadilishana zamu na mwenzake pale kazini, na kila safari alirudi na kitu nilichokitaka, kimenyooka, ndani ya bahasha. Siku moja nilipokosa cha kusema nilisema nywele za mtoto zimefunika masikio kwenye picha. Kesho yake mtoto akaja amenyolewa. Alinisalimia amekifunika kichwa kwa mikono yote miwili, na mama yake akamwambia asione aibu, Baba Mkubwa ndiye anayejua wanachotaka wale watu.

Miezi minne nilifanya hivyo. Sikuwa na mpango wowote. Nilikuwa nangoja nini, sijui, labda sheria ibadilike au mmoja wetu afe.

Kisha mdogo wangu akanipigia simu kuniambia amehamia kwenye nyumba ya vyumba viwili na ameshanunua kitanda cha mtoto, rangi kachagua mtoto mwenyewe kwa simu. "Kaka, kumebaki nini?" akauliza, kwa upole ule ule. Nikamjibu hakujabaki kitu. Siku hiyo nikajaza ombi, na penye lile swali la kwanza nikabonyeza "ndiyo". Nilijiambia ofisa ana mafaili mengi, hataenda kufukua la zamani. Njia ya mwongo ni fupi, lakini mwongo mwenyewe huwa hana habari.

Jibu lilikuja baada ya wiki saba. Lilikuja kwangu, kwa sababu barua pepe za wateja wangu wote zinaingia kwenye anwani yangu, na za ndugu zangu pia. Ilikuwa barua ya ukurasa mmoja. Ilisema kwamba mdhamini, katika ombi lake la mwanzo, alitamka hajaoa na hana mtoto, kwa hiyo waombaji hawatambuliwi kuwa familia yake. Ilisema anaweza kuomba shauri lipitiwe upya ndani ya siku thelathini, akiwa na ushahidi mpya.

Ushahidi mpya ulikuwa mmoja tu duniani, nao ulikuwa umekaa kwenye kiti changu umevaa shati langu. Ningeandika kiapo kwamba mimi ndiye niliyejaza, bila mwenye fomu kujua, huenda wangefikiria. Lakini kiapo hicho kingepita kwenye kituo cha ng'ambo ya barabara, na kuanzia siku hiyo fomu yenye alama ya mkono wangu isingepokelewa pale. Ningekuwa Balozi asiye na nchi. Nikaifunga barua, nikaendelea na kazi.

Kila jioni shemeji akitoka zamu alipita mlangoni. "Bado?" Nami nikajibu, "Bado, mambo ya serikali unayajua." Akaenda zake. Siku kumi na nane hivyo hivyo.

Siku ya kumi na tisa hakusimama mlangoni. Aliingia, akaja mpaka nyuma ya kiti changu, akasema, "Fungua nione na mimi." Mteja mmoja alikuwa anangoja fotokopi. Sikuwa na la kufanya. Nikafungua, barua ikatokea, nikaichapa kwenye printa nikampa.

Aliisoma amesimama. Aliisoma tena. Mteja akachukua fotokopi zake akaondoka bila kuaga.

"Hajaoa, hana mtoto," shemeji akasema polepole. "Ni yeye aliyesema hivi?"

Nilikohoa. "Barua ndivyo inavyosema."

"Mtoto alikuwa na miezi minane. Alikuwa anambeba kifuani akienda naye dukani, watu wanamcheka. Wakati ule ule alikuwa anamkana?"

Nilikuwa na nafasi nzuri ya kusema. Tulikuwa wawili tu, mlango umerudishwa. Badala yake nikasema, "Wanaume tuna mambo yetu, shemeji." Maneno hayo yalitoka kinywani mwangu mimi, mtu mzima, na kiti hakikuvunjika.

Alikunja barua mara tatu, akapitisha ukucha kwenye kila kunjo kama anavyofanya kwenye mashati, akaitia kwenye mkoba. Hakulia mbele yangu.

Siku mbili baadaye simu ikalia mchana, mteja amekaa mbele ya shuka jeupe akingoja picha. Alikuwa mdogo wangu. Nikatoka nje, nikasimama nyuma ya jenereta la jirani.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

"Mama watoto amenitumia picha ya barua. Nimeisoma. Sikuulizi kitu, kaka. Nataka ujue tu nilivyomwambia, ili msije mkapishana. Nimemwambia ni mimi. Niliogopa watanichelewesha, nikakuomba uandike sijaoa, wewe ukakataa, nikakulazimisha."

"Kwa nini umesema hivyo?"

"Mimi niko mbali. Mtoto akishikwa na homa nani anampeleka hospitali? Bomba likipasuka anamwita nani? Akikukasirikia wewe, na mimi niko huku, atabaki na nani huko? Bora anikasirikie mimi, mimi simu ataizima tu."

"Lakini..."

"Kaka, tafadhali. Yaache hivyo."

Angekuwa amenitukana ningejua pa kushika. Nilimlea mtoto yule, nikamfundisha kufunga kamba za viatu, na sasa yeye ndiye aliyekuwa ananistiri mimi. Sikumwambia asante na sikumwambia hapana. Nilisema, "Sawa." Kisha nikarudi ndani nikampiga mteja picha, nikamwambia asitabasamu.

Nadhani ningeishi na ile "sawa" hadi uzee. Mtu anazoea. Kilichonishinda ni kwamba kesho yake, saa saba mchana, shemeji alikuja kuniomba radhi.

Alikuja na mtoto. Ofisini kulikuwa na wateja watatu, naye hakutaka kungoja waondoke, alitaka wasikie.

"Shemeji, nisamehe," akasema. "Nilikushuku. Nilipotoka hapa siku ile nilisema moyoni, fomu alijaza huyu, basi huyu anajua jambo. Nikakulaani njia nzima. Kumbe ulimkataza. Kumbe wewe ndiye uliyetutetea."

Wateja wakaniangalia kwa heshima. Mmoja akatikisa kichwa, akasema watu kama Balozi wamebaki wachache.

"Mwambie Baba Mkubwa asante," shemeji akamwambia mtoto.

Mtoto akasema asante. Nywele zake zilikuwa zimeanza kuota, fupi fupi, na masikio yote mawili yako nje.

Na mimi nikasema, "Yameisha, shemeji." Nilimsamehe! Nilikaa kwenye kiti changu nikamsamehe mwanamke yule kosa la kunijua nilivyo.

Walipoondoka niliwaambia wateja nafunga. Yule aliyekuwa anangoja picha alinitukana, akaniita tapeli mzee, na nilifurahi kutukanwa na mtu. Nikashusha pazia la chuma, nikawasha taa, nikaketi mbele ya kompyuta. Nimewaandikia watu maelezo yao kwa miaka kumi na minne, najua kulainisha. Najua kuandika "kutokana na mkanganyiko", na "pasipo kukusudia", na "kwa sababu zilizo nje ya uwezo wangu". Maneno hayo yote yalikuja yenyewe na nikayafuta moja moja. Kilichobaki hakikujaza hata ukurasa. Kilisema nilipewa vyeti vya mke na mtoto, niliambiwa wasiachwe, nilichelewa kwa uzembe wangu, nikaandika uongo juu ya karatasi iliyosainiwa tupu, mwenye karatasi hakujua mpaka barua ilipokuja. Kilisema pia kwamba lile "ndiyo" la kwenye ombi la familia nalo ni langu.

Asubuhi nilikuwa wa kwanza mlangoni kwa wakili. Aliisoma, akaniangalia juu ya miwani, akaniuliza kama naelewa kwamba wanaweza kunishtaki. Nikamwambia naelewa. Akagonga muhuri.

Duka la dobi liko mitaa miwili kutoka hapo. Mbele kuna kaunta, nyuma kuna chumba cha pasi, joto tupu na mvuke, meza nne zimepangwa safu. Shemeji alikuwa meza ya pili kutoka dirishani. Wenzake watatu walikuwa wakipiga pasi na kusengenya, na waliponiona walinyamaza, wakanipa shikamoo za pamoja, maana habari za mtu mwema aliyemkataza mdogo wake zilikuwa zimeshafika.

"Shemeji, nina neno," nikasema. "Tutoke nje kidogo."

"Nina mashati arobaini ya saa nne. Sema hapa."

Nikapiga moyo konde, nikasema, kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia kwa taabu. Nilimwambia hivi: mume wako hakuandika. Niliandika mimi. Aliniambia wewe na mtoto msiachwe, mimi nikawaacha kwa sababu nilichelewa. Alipokuambia ni yeye alikuwa ananificha.

Hakunyanyua uso. Alimaliza mkono mmoja wa shati, akaugeuza, akamaliza mwingine. Pasi aliisimamisha kwenye kitako chake.

"Rudia," akasema. "Wenzangu hawajasikia."

"Shemeji..."

"Hawa niliwaambia mume wangu amenikana. Nimelia mbele yao. Waambie na wao."

Nikarudia. Niliwageukia wanawake watatu nisiowajua majina, na mvuke ukinipanda usoni, nikawaambia kwamba mimi, kaka mkubwa, mlezi, Balozi, niliandika mtoto wa mdogo wangu hayupo, nikaacha baba yake abebe lawama. Nilitamani ardhi ipasuke. Haikupasuka. Yule wa meza ya mwisho, mama mwenye mwili, akanitazama kuanzia viatu hadi kichwani.

"Na mvi zote hizo," akasema.

Nikampa shemeji kiapo. Alijifuta mikono kwanza, kisha akasoma, kidole kikifuata mstari. Alisoma hadi muhuri. Wenzake walikuwa wameacha kazi.

"Barua ilikuja tarehe ngapi?" akauliza.

"Tarehe nne."

"Ukanionyesha?"

"Ishirini na tatu."

"Nilikuwa napita kila siku."

"Ulikuwa unapita."

"Siku zimebaki ngapi?"

"Saba."

"Na mtoto nilimnyoa," akasema. Kisha akakiweka kiapo mezani. "Hilo ombi la kupitiwa upya hutalijaza wewe. Nitampelekea mtu mwingine. Wewe kazi yako ni kwenda popote utakapoitwa useme hayo uliyoyaandika hapa, usipunguze neno. Utakwenda?"

"Nitakwenda."

"Unadhani watakubali?"

Miaka yote hiyo nilikuwa na jibu kwa kila mtu. "Sijui," nikasema. "Mara nyingi hawakubali."

Aliitikia kwa kichwa, akasukuma simu yake kuelekea kwangu, juu ya meza, kando ya shati. "Mpigie. Sijapokea simu yake siku tatu. Ataanza kunieleza na mimi sitaki maelezo yake, yeye hana kosa. Mwambie wewe."

Ililia mara moja tu, akapokea. Nadhani alikuwa ameishika mkononi.

"Mama watoto?" akasema kwa haraka.

"Ni mimi," nikasema.

"Shikamoo, kaka." Hata hapo. "Kuna nini? Mtoto mzima?"

"Mtoto mzima. Nimemwambia mkeo ukweli. Nimekula kiapo, muhuri umepigwa, kinakwenda pamoja na ombi la kupitiwa upya."

Nilitegemea atashusha pumzi. Nilitegemea, Mungu anisamehe, atanishukuru. Nyuma yake nilisikia mashine kubwa ikiunguruma huko aliko, labda alikuwa kazini, ndani ya chumba cha baridi cha mtu.

"Kaka, ungeniachia," akasema. Sauti yake haikuwa na hasira. "Mimi angenisamehe. Ingechukua mwaka, ingechukua miaka, mimi ni mume wake, angenisamehe. Wewe hatakusamehe."

Simu ilikuwa kwenye spika. Shemeji alikuwa amesimama pale pale, anasikia kila neno. Alichukua shati lililofuata, akalitandaza mezani, wala hakubisha.